Jumanne ya Kufungua

Nimekausha mwani miaka kumi na minane.
Hapa Kiuyu mnunuzi huushika, huubinya,
ukimwachia unyevu kiganjani anakurudishia gunia lako.
Kwa hiyo kukausha nakujua.
Na mguu huu ulipoanza kutoa maji
niliuanika barazani kama kotoni,
nikaunyunyizia unga wa vidonge vya kuazima,
nikangoja jua.

Jua halikufika ndani.

Kilikuwa kigingi kilichovunjika, bamvua la Rajabu.
Nilipanda na mzigo wangu kichwani, sina habari.
Mjukuu ndiye aliyeona: "Bibi, unachora mchangani."
Nikageuka. Kweli, tangu majini mpaka mlangoni
nilikuwa naandika kwa wekundu
barua ambayo mguu wenyewe haukunisomea.
Ndiyo sukari hiyo. Hukuzimia taa za chini kwanza,
wewe uko ghorofani unapika chai.

Wete walisema: donda ndugu.
Nikasema, ndugu gani huyu
anayekula kidole cha mwenyeji hata hajapigiwa hodi?
Maana kidole kimekwenda, kile kidogo cha mwisho.
Kimezikwa nyuma ya chumba cha upasuaji
na sijui kama walikielekeza kibla.

Salhina ndiye mwenye mikono.
Hasemi pole ovyo.
Hukwangua kilichokufa, taratibu, mpaka penye kutoa damu,
"hapa pazima," kama mtu anayechagua mchele,
kisha huchana pakiti, hutoa kitambaa cheupe,
laini, kifupi kama sala ya msafiri.

"Nini hicho?"
"Mwani."

Nilicheka hadi mgonjwa wa pili akafunua shuka.

"Si huu wenu, Bi Mize. Wa kahawia, wa bahari za baridi.
Huukamua, huusokota nyuzi, huutia fedha."
"Fedha ya kuhesabu?"
"Fedha ya pete. Vijidudu haviiwezi."

Mimi fedha ya mwani naijua:
hulipwa kwa kilo, na haijai kiganja.
Kumbe kuna waliojua kuitia ndani ya uzi
ikakaa.

"Na usikianike tena. Kidonda kikikauka
nyama mpya haina pa kutambaa.
Kinataka unyevu. Si rojo. Unyevu."

Miaka kumi na minane,
na mtoto wa juzi ananifundisha majimaji.
Lakini nimeona kwa macho yangu:
kitambaa hunywa uchafu, hugeuka ute,
ute ule ule wa jani ukilivunja asubuhi,
na Jumanne ya kufungua hutoka chenyewe,
haking'ang'anii, si kama shashi ya zamani
iliyobanduka na ngozi yangu, nikamtaja marehemu mama.

Ana rula ya plastiki, ya skuli.
Nne na nusu. Nne. Nne.
Ile nne ya pili hakuitamka, niliisoma usoni pake.
Akabonyeza pembeni, akanusa, akaniongezea dawa ya kumeza,
akaniuliza nimekula nini. Nikamdanganya.
Akajua.
Tatu na robo.

Zimebaki pakiti tano kabatini, na boti haijaleta nyingine.
Huzikata nusu: nusu yangu,
nusu ya fundi baiskeli wa Mtambwe
ambaye sijapata kumuona hata siku moja,
lakini tumeshonewa jora moja
kama watu wa harusi.

Leo bamvua. Wenzangu wameshashuka, taitai viunoni,
nasikia wanavyonisema, nacheka.
Mguu uko juu ya kigoda. Ndani ya bendeji
kuna kitu kinawasha, kidogo, kama mdudu chungu,
na sijui ni kupona au ni kuoza,
ila kuwasha ni kuhisi, na nilikuwa nimesahau.

Mawingu yanapanda upande wa Micheweni.
Wewe, mwanangu, kimbia ukaanue mwani.
Mimi niache hivi hivi
na unyevu wangu.